Vitamini D ipi, na kwa mifupa ya nani?

Tangu figo za kaka yangu ziliposhindwa kufanya kazi, ushauri anaopewa na ndugu na majirani kuhusu mifupa yake ni ule ule: anywe supu ya mifupa, aote jua la asubuhi, na anunue vidonge vya kalsiamu vyenye vitamini D kwenye duka la dawa. Ni ushauri wa watu wanaompenda, na kwa mtu mwenye figo nzima hauna ubaya mkubwa. Kwa mtu anayeishi kwa mashine ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu, supu inamwongezea mzigo, jua linamfaa nusu tu, na vidonge hivyo vinaweza kumdhuru kwa muda mrefu kabla hajahisi chochote. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili hapa Nairobi, si daktari, na ninayoyaandika ni yale niliyosoma na kuuliza kwa kuwa mimi ndiye ninayebeba faili lake kliniki.

Nianze na jua, kwa sababu hapo ndipo mazungumzo mengi ya kifamilia huanzia. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, katika mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hatuna majira ya baridi yanayoufanya mwanga wa jua ushindwe kutengeneza vitamini D kwenye ngozi. Jua lipo, ingawa ngozi nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi, na mgonjwa anayeshinda ndani ya nyumba au kwenye kiti cha dayalisisi anaweza kuikosa hiyo vitamini hata katika mji kama huu. Lakini kinachotoka kwenye ngozi, kiitwacho kolekalsiferoli, hakina nguvu bado. Husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza na kuwa aina inayohifadhiwa mwilini na kupimwa maabara, kisha hufika kwenye figo, ambako kimeng'enya maalumu huikamilisha na kuifanya kalsitrioli. Kalsitrioli ndiyo inayouambia utumbo ufyonze kalsiamu na fosfeti (umbo la madini ya fosforasi) kutoka kwenye chakula, na ndiyo inayozituliza tezi za parathiroidi shingoni.

Jambo hili halikujulikana hadi mwaka 1970, pale David Fraser na Egon Kodicek, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, walipoonyesha kwamba panya walioondolewa figo hawawezi kuitengeneza aina hiyo ya mwisho. Muundo wake wa kikemia ulitambuliwa mwaka uliofuata. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa ugunduzi uliopaswa kubadilisha namna tunavyofundisha somo la figo, kwa sababu wanafunzi wetu bado wanamaliza kidato cha nne wakiamini kwamba figo ni chujio la mkojo na basi. Figo ni kiungo cha homoni pia, na mashine inaweza kuchuja damu lakini haiwezi kutengeneza kalsitrioli.

Kasoro hii haisubiri figo zife kabisa. Figo zinapoanza kupungukiwa na nguvu, hushindwa kutoa fosfeti yote inayoingia mwilini. Seli za mfupa hulihisi jambo hilo mapema na kumwaga homoni iitwayo FGF23, ambayo huzilazimisha figo zilizobaki kutoa fosfeti zaidi kwenye mkojo, na wakati huo huo hukizuia kile kimeng'enya kinachokamilisha kalsitrioli. Kwa hiyo mwili unajinyima kalsitrioli ili kujiokoa na fosfeti, miaka kadhaa kabla mtu hajasikia neno dayalisisi. Kalsitrioli ikipungua, kalsiamu kutoka kwenye chakula hupungua, na tezi za parathiroidi, ambazo kwa kawaida ni nne na kila moja haizidi sana punje ya mchele, hupandisha homoni yake. Homoni hiyo ina namna ya haraka ya kuirudisha kalsiamu kwenye damu: kuichimba kutoka kwenye mifupa. Kadiri hali hiyo inavyoendelea ndivyo tezi zinavyonenepa, na zikishanenepa sana hupoteza sehemu kubwa ya vipokezi vya vitamini D, hata dawa ikiletwa baadaye haisikilizwi.

Mwaka jana daktari alituonyesha picha ya eksirei ya mkono wa kulia wa kaka. Aliiweka juu ya taa na kuelekeza kalamu kwenye mfupa wa katikati wa kidole cha shahada na ule wa kidole cha kati, upande unaoelekea kidole gumba. Ukingo wa mfupa wenye afya huwa umenyooka na mkali. Ule ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama nguo iliyoliwa na nondo. Kisha akashusha kalamu hadi kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo wauguzi hushika mpigo wa damu, akatuonyesha mistari miwili myembamba myeupe iliyokwenda sambamba. Kwa kawaida mshipa wa damu hauonekani kwenye eksirei isiyotiwa dawa. Ule ulionekana kwa sababu kuta zake zilikuwa na kalsiamu ndani. Picha moja, mkono mmoja: kalsiamu imetoka mahali inapohitajika na imekaa mahali isipotakiwa. Kila ninaposikia mtu akimwambia kaka aongeze kalsiamu, mimi huikumbuka mistari ile miwili.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Kwa kuwa figo haziwezi kukamilisha kazi, njia ya wazi ni kumpa mgonjwa kitu kilichokwisha kukamilishwa. Kalsitrioli yenyewe hupatikana kama kidonge laini kidogo cha robo ya mikrogramu, kiasi ambacho mtu aliyezoea miligramu hawezi hata kukifikiria. Alfakalsidoli ni ndugu yake wa karibu: inahitaji hatua moja tu ya mwisho, na hatua hiyo hufanywa na ini, kwa hiyo figo mbovu haiizuii. Zipo pia aina mpya zaidi, kama vile parikalsitoli, zilizotengenezwa kwa matumaini kwamba zitaituliza tezi bila kupandisha sana kalsiamu na fosfeti. Dawa hizi zote zinafanya kazi. Mwaka 1984 Eduardo Slatopolsky na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kalsitrioli ikitiwa kwenye mshipa wa wagonjwa wa dayalisisi inashusha homoni ya parathiroidi kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo hakuna aliyelipinga hilo kwa uzito.

Ugumu unaanza tukiuliza swali ambalo mgonjwa mwenyewe angeuliza: je, mifupa yangu itavunjika mara chache zaidi, na nitaishi muda mrefu zaidi? Mwaka 2009 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio ya dawa hizi kwa watu walio kwenye dayalisisi, na hayakupata aina yoyote ya dawa, njia ya kuitoa wala ratiba iliyothibitika kupunguza vifo, maumivu ya mifupa au haja ya kuondolewa tezi kwa upasuaji. Majaribio mengi yalikuwa madogo na mafupi, yakipima namba za maabara badala ya kuhesabu mifupa iliyovunjika. Huko nyuma, mwaka 2003, uchunguzi mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani ulikuwa umeonyesha kwamba waliopewa parikalsitoli waliishi zaidi kuliko waliopewa kalsitrioli, na matumaini yakapanda. Lakini kumbukumbu si jaribio: daktari huenda alimchagulia dawa mpya mgonjwa ambaye tayari alikuwa na nafuu. Mwaka 2018 jaribio la Japani lililoitwa J-DAVID liliwapa alfakalsidoli baadhi ya wagonjwa wa dayalisisi ambao homoni yao haikuwa juu sana, wengine wakaachwa bila dawa hiyo, na wote wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliopata dawa hawakupata nafuu yoyote ya moyo na mishipa kuwazidi wenzao.

Sisemi kwamba dawa hazina maana. Homoni inapopanda kupita kiasi, mifupa huuma, misuli ya mapaja hulegea hadi mtu ashindwe kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, ngozi huwasha, na kuiacha hali hiyo iendelee ni ukatili. Ninachosema ni kwamba dawa hizi zinastahili kuitwa tiba ya tezi, wala si lishe ya mfupa, na tofauti hiyo inabadilisha kila kitu: nani azitumie, kwa kiasi gani, na lini aziache. Miongozo ya KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, iliyorekebishwa mwaka 2017 inakwenda upande huo huo. Inapendekeza zisitumiwe kama kawaida kwa wagonjwa wa figo ambao hawajafika kwenye dayalisisi, zibakizwe kwa walio katika hatua za mwisho ambao homoni yao imepanda sana na inazidi kupanda. Na kwa walio kwenye dayalisisi, inapendekeza homoni iachwe kati ya mara mbili na mara tisa ya kiwango cha juu cha mtu wa kawaida. Maabara nyingi huweka kiwango hicho cha juu kwenye pikogramu 65 hivi kwa mililita, kwa hiyo mgonjwa mwenye 300 asishtuke akiona karatasi imepigwa alama nyekundu. Nyekundu hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wenye figo nzima.

Mbona waachie homoni juu? Kwa sababu mfupa unahitaji kubomolewa na kujengwa upya daima, na homoni ya parathiroidi ndiyo inayoendesha ujenzi huo. Ukiizima mno kwa kalsitrioli nyingi, mfupa hulala. Haubomolewi, lakini nyufa ndogo za kila siku hazizibwi pia, na mfupa uliolala hauwezi tena kupokea kalsiamu inayozidi kwenye damu, hivyo kalsiamu hiyo hutafuta makao kwenye mishipa. Wazee na wenye kisukari wako karibu zaidi na hatari hii. Mgonjwa wa namna hiyo hutazama karatasi yake, akaona homoni imeshuka vizuri, akafurahi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ughaibuni havilisisitizi, nalo kwetu ndilo la kwanza. Kalsitrioli haichagui: inapofungua mlango wa utumbo kwa kalsiamu, inaufungua kwa fosfeti pia. Katika nchi ambako mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, fosfeti hiyo hupunguzwa kwa kiasi fulani. Hapa kwetu wengi wamezoea mara mbili kwa wiki. Nimewahi kuifanya hesabu hii ubaoni na wanafunzi. Mlo wa kawaida wa mtu mzima una takriban miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku. Tukikadiria kwamba utumbo unafyonza asilimia 60, zinaingia 4,200 kwa wiki. Kipindi kimoja cha saa nne huondoa kati ya 800 na 1,000. Vipindi viwili, kwa makadirio ya ukarimu, ni 2,000. Zinazobaki, kama mgonjwa hana mkojo tena, hazina pa kwenda. Kumwongezea mtu huyo kalsitrioli kabla ya kushughulikia fosfeti ni kuongeza maji kwenye karai linalofurika, na ndiyo maana daktari mwangalifu husimamisha kidonge pale fosfeti au kalsiamu inapopanda, hata kama homoni bado iko juu.

Kushughulikia fosfeti kunaanzia jikoni, na hapa nitatofautiana kidogo na orodha zinazobandikwa ukutani. Orodha hizo humkataza mgonjwa maharagwe, karanga, maziwa, mayai, omena na nyama, hadi mtu anabaki akijiuliza ale nini. Fosfeti si sawa kila mahali. Ile iliyo kwenye maharagwe na mahindi imefungwa katika umbo ambalo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kulifungua vizuri, hivyo sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Ile inayotiwa kiwandani kwenye soseji, smoki za barabarani, nyama za kopo na soda nyeusi za kola haijafungwa na chochote na karibu yote huingia kwenye damu. Kwa hiyo sahani ya githeri, upande wa fosfeti peke yake, si adui mkubwa kuliko smoki mbili na soda ya kola kituoni. (Potasiamu ya githeri ni habari nyingine, na mwenye kupika aulize kuhusu kuchemsha na kumwaga maji.) Omena ni ngumu kuitetea, kwa kuwa mtu huila na mifupa yake yote. Supu ya mifupa naiweka kundi hilo hilo, pamoja na kiasi cha maji kinachokuja nayo.

Vidonge vya kufunga fosfeti navyo vina masharti yake. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo ya bei nafuu, inapaswa kutafunwa katikati ya chakula, ili ikutane na fosfeti tumboni na kutoka nayo kwenye choo. Kaka yangu huviweka kando ya sahani kabla hajaanza kula, vikagusana na ugali, na hutafuna kimoja baada ya tonge la tatu au la nne huku akikunja uso, kwa maana vina ladha ya chaki. Mtu akivimeza usiku na maji matupu, kidonge kile kile hakifungi fosfeti yoyote; kinakuwa kalsiamu ya ziada tu. Ukiijumlisha kalsiamu hiyo na ile inayoingia kutoka kwenye maji ya mashine, na ile inayofyonzwa kwa nguvu ya kalsitrioli, unapata jumla ambayo hakuna aliyekusudia kuiandika kwenye cheti cha dawa.

Basi ile vitamini D ya kawaida ya dukani, ya kolekalsiferoli, haina kazi kabisa kwa mtu huyu? Hapana, na wale wanaosema haina kazi wanakwenda mbali mno. Seli nyingine za mwili, mbali na figo, nazo zina kimeng'enya cha kuikamilisha kwa matumizi yao ya hapo hapo, na upungufu mkubwa ukithibitishwa kwa kipimo unaweza kurekebishwa kama unavyorekebishwa kwa watu wengine. Lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kalsitrioli kwa mgonjwa wa dayalisisi ambaye tezi zake zimekwisha kuamka, na ina tabia moja inayonitia wasiwasi: hukaa mwilini kwa wiki nyingi. Kalsitrioli ikipandisha kalsiamu, unaisimamisha na baada ya siku chache mambo yanatulia. Mtu aliyedungwa dozi kubwa mno ya vitamini D ya kawaida hana namna ya kuirudisha.

Nilipokwenda kumnunulia kaka dawa zake mtaani kwetu Donholm, niliuliza kwa kupita tu kama wana kalsiamu yenye vitamini D. Mfamasia, binti mdogo ambaye nadhani hajamaliza muda mrefu chuoni, alisimamisha mkono rafuni akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya nani?" Nikamwambia ni ya mgonjwa wa dayalisisi. Akasema, "Basi nipe kwanza karatasi ya kalsiamu, fosfeti na homoni, tena iwe ya karibuni." Sikuwa nayo, na hakuniuzia. Laiti maduka yote ya dawa ya mji huu yangekuwa na mtu kama yule kaunta.

Karatasi hiyo ndiyo inayogharimu. Kalsiamu na fosfeti ni vipimo vya kawaida, lakini kipimo cha homoni ya parathiroidi ni ghali kwa familia nyingi, na kishawishi ni kukiruka na kununua dawa moja kwa moja. Mimi ningefanya kinyume: kama fedha hazitoshi vyote viwili mwezi huu, ningelipia kipimo na kumwuliza daktari kama dawa inaweza kusubiri. Pia ningetumia maabara ile ile kila mara, kwa sababu mitambo ya kupima homoni hii hutofautiana na damu moja inaweza kutoa namba mbili zisizolingana katika maabara mbili. Na ningedai kalsiamu isomwe pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu, kwani mgonjwa mwenye albumini ndogo huonekana ana kalsiamu ndogo kuliko aliyonayo kwa kweli, akaongezewa asichohitaji. Namba moja peke yake haitoshi kubadilishia dozi. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa vilivyofuatana, na ndiyo sababu ya kutunza karatasi za zamani kwenye faili hata zikichakaa.

Kwa wanaopata bahati ya kupandikizwa figo, hesabu inaanza upya. Figo mpya huanza kutengeneza kalsitrioli na kumwaga fosfeti, mara nyingine hadi fosfeti inashuka kupita kiasi, kwa sababu FGF23 na tezi zilizonenepa hazirudi kawaida kwa siku moja. Homoni inaweza kubaki juu kwa muda mrefu baada ya upasuaji. Wakati huo huo dawa za kuzuia mwili kuikataa figo, hasa steroidi, huidhoofisha mifupa, na mwaka wa kwanza ndio wa kupoteza mfupa kwa kasi. Hapo vitamini D, ya kawaida au iliyokamilishwa, hurudi mezani kama mojawapo ya njia ambazo daktari anaweza kuzifikiria ikiwa kipimo cha uzito wa mifupa kimeonyesha upungufu. Kaka yangu yuko kwenye hatua ya kupimwa na mtu aliyejitolea kumpa figo, na swali la mifupa tumekwisha kuliandika kwenye faili, juu kabisa ya ukurasa wa mambo ya kumwuliza daktari.